Mwaka Nilipomchunguza Jirani

Neno blokisi tulilisikia kwanza redioni, kwa Kifaransa. Mume wangu, karani wa reli, ndiye aliyenieleza.

"Njo kusema wamefunga njia zote. Hakuna kuingia, hakuna kutoka."

Wapiganaji walikuwa wameuzunguka mji wetu wa Kindu. Treni haikuja tena, na kwenda shambani upande wa Kailo ilikuwa kujitafutia kifo. Lakini mimi nililielewa neno lile siku chumvi ilipokwisha. Tulikula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila ladha wiki baada ya wiki.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu reli, hakukosa chumvi. Mke wake aliponionjesha sombe yao, nilishtuka. Nikamuuliza chumvi wameitoa wapi.

"Mungu anatoa," akajibu, akanipa mgongo.

Tangu hapo nikaanza kumchunguza mzee. Kila alfajiri alishuka mtoni na gunia tupu, akarudi nalo limejaa, linachuruzika maji. Nikajiambia: huyu anaonana na wapiganaji wa ng'ambo ya mto, anawauzia habari zetu.

Bombani niliwauliza wanawake wenzangu, "Munamuangalia yule muzee?" Sikuongeza neno. Siku ya tatu askari walimchukua.

Walipopekua nyumba walikuta magugu ya mtoni yakikauka, na majivu ndani ya sufuria. Mzee alikuwa anachoma magugu yale, anachuja majivu kwa maji, kisha anachemsha mpaka chumvi ibaki, kama mama yake alivyofanya kule Pangi. Alificha kwa kuogopa mji mzima ungekimbilia magugu yakaisha. Walimwachilia baada ya siku mbili, mkono umevimba.

Nilimwendea. "Papa, ni mimi njo nilisema."

Akanijibu, "Ulikuwa na kinywa cha kuniuliza. Tunaishi ukuta kwa ukuta."

Hakunifukuza, wala hakunipa kiti.

Njia zilifunguliwa, na mzee alifariki miaka mingi baadaye. Siku hizi wajukuu wangu husema "amenibloke" rafiki akiwafungia njia ya kumpigia simu, wanacheka. Mimi sicheki.

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya jirani mmoja hapa mtaani Kasuku, nilimpelekea mjane wa yule mzee sahani ya wali. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa adabu. Nilipogeuka kidogo nikamwona anaichunguza, kisha anaisogeza pembeni, na kuomba nyingine kwa mwanamke aliyekaa nyuma yake.