Mama Suhayb Atafuta Leseni

Shahira, ambaye sisi majirani wa Jofeh tunamwita Mama Suhayb, ni fundi wa magauni ya harusi. Nusu ya mabibi harusi wa mlima huu wa Amman wametoka kwao wamevaa kazi ya mikono yake. Kwenye gari alizoea kukaa kama abiria, mumewe akiendesha. Siku daktari wa macho alipomkataza mumewe, Baba Suhayb, kushika tena usukani, gari lao likageuka kitanda cha paka. Mama Suhayb alilitazama weee, mwisho akasema, "Nitaliendesha mimi."

Baba Suhayb akacheka mpaka chai ikampalia. "Gari si cherehani, mama."

"Vyote si vinaenda kwa mguu?"

Kumbe huo mguu ndio uliokuwa tatizo. Ulishazoea kupiga cherehani, juu chini, juu chini, na klachi nayo akaipiga vivyo hivyo. Gari likawa linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mwalimu wake, binti mpole aitwaye Ibtihal, alishuka kila somo ameshika kiuno.

"Shangazi, klachi iachie polepole, kama unamlaza mtoto."

"Wangu nilikuwa nawalaza kwa kuwatikisa, mwanangu."

Mtihani ulisimamiwa na Dirar, afisa wa trafiki mwenye masharubu mazito na uso usiojua kucheka. Mama Suhayb aliingia, akageuza kioo cha ndani. Dirar akafurahi, kisha akaona kwamba anatengeneza mtandio. Mkanda hakufunga. Alipotaka kukata kulia, badala ya indiketa akawasha waipa, na jua linawaka.

"Mvua iko wapi, mama?"

"Mungu akipenda italeta baraka, mwanangu."

Akaanguka mtihani. Mara ya pili mkanda alifunga, ila adabu ikamponza. Alimpisha mzee, akampisha muuza mikate, halafu akasimama katikati ya mzunguko kumsalimia mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemshonea gauni la harusi.

"Umeshapata mtoto?" akamuuliza dirishani, honi zikilia nyuma.

"Mama, hapa si sebuleni!" Dirar akafoka.

Safari ya tatu kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye kile kilima cha mtihani kinachotoa watu jasho gari halikurudi nyuma hata shubiri. Akarudi akaegesha, akaachia usukani, akapiga vigelegele. Breki ya mkono hakuivuta. Gari likaanza kuteremka kinyumenyume, vigelegele vikiendelea, hadi likalalia koni za watahiniwa wengine.

"Wallahi kalamu nilikuwa nimeshaishika nikupitishe," Dirar akasema, akivuta breki mwenyewe.

Jioni ile Mama Suhayb alilia juu ya kitambaa cheupe cha watu. Baba Suhayb, ambaye sisi tulidhani angemcheka, akavuta kiti akaketi ubavuni pake.

"Haya, tuko garini. Umefika. Unafanya nini?"

"Niache."

"Unafanya nini, mama?"

"Gia huru," akasema, akipenga kamasi. "Navuta breki ya mkono. Nazima gari."

"Na furaha je?"

"Furaha baadaye."

Wakawa hivyo kila jioni, wazee wawili juu ya viti vya mbao, mmoja anauliza, mwingine anakanyaga hewa.

Aliporudi kwa Dirar aliendesha bila kutazama watu wa kando. Akaegesha, akavuta breki kwa mikono miwili, akazima, akatulia kimya.

"Umefaulu, mama. Shuka."

"Sishuki. Unanitega."

"Umefaulu, nakuapia!"

"Andika kwanza nikuone."

Dirar akaandika, na wanaojua wanasema masharubu yale yalitikisika.

Ijumaa iliyofuata akampakia mumewe kwenda mji jirani wa Salt kununua zabibu. Kabla hata hawajatoka mjini Baba Suhayb alikuwa ameshashika mpini wa mlango.

"Punguza, punguza! Lori hilo!"

"Limeegeshwa."

"Hata lililoegeshwa huondoka!"

Mama Suhayb akawasha indiketa, akasogea pembeni taratibu, akasimamisha gari.

"Baba Suhayb, chagua moja: kuongea au kufika."

Mzee akatazama barabara ilivyopanda na jua lilivyokuwa kali.

"Kufika," akasema.

Zabibu walizilia palepale sokoni, wamefungua milango yote ya gari, kila mmoja akimchagulia mwenzake zilizo tamu.