Mbavu Sita za Mtumbwi wa Babu

Juzijuzi shangazi alinipigia simu huku Baraka kutoka Kilembwe. Rezo ya simu ya kule unaijua, sauti inakuja vipande vipande kama muhogo uliokatwa na mtu mwenye haraka. Nilichosikia vizuri ni hiki tu: "Mwanangu, dimanshi niko nakuja Baraka. Niko nakuja na kofia." Kisha simu ikakatika, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya jikoni, mwiko mkononi, nikicheka peke yangu.

Tangu hapo sijatulia, na Jumapili iko karibu. Mimi unayenijua, mwanamke ambaye habari za soko huzipata kwa kuletewa, nimetembea mwenyewe mpaka ufukweni kutafuta mtumbwi mkuukuu unaouzwa kuni. Mume wangu aliponiona navaa viatu aliuliza, "Unatoka? Nani amekufa?" Niliporudi na mbavu sita za mtumbwi kichwani hakuuliza tena. Alihamisha gunia la makaa nyuma ya jiko, akamfunga mbuzi mbali kidogo, na hiyo ndiyo atelye yangu ya useremala. Humo nimetengeneza portimanto, ubao wa kutundikia kofia. Ili uelewe kwa nini moyo unanienda mbio kwa kipande cha mbao, lazima nikurudishe nyuma, mwaka nilipokuwa na miaka tisa na akili ya miaka minne.

Nyumbani kwa bibi, mgeni wa heshima alipofika mlangoni hakupewa kiti kwanza. Alipokelewa kofia. Uliipokea kwa mikono miwili, ukaitundika pahali pa juu, na hapo mgeni akajua kwamba amekaribishwa. Ukiiweka chini umemwambia arudi alikotoka. Kwetu ukutani kulikuwa na msumari mmoja tu, na juu yake kofia ya babu, nyeusi, yenye ukingo mpana. Babu alikuwa amezikwa mvua mbili zilizopita. Hakuna mkono uliogusa ile kofia tangu siku hiyo. Vumbi lake bibi alilipuliza kwa mdomo.

Ndipo ikaja habari kwamba wazee watano wa Kilembwe watashuka kumposa shangazi. Baba wa kijana alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hana imani na watu wa ziwa, eti tunajua kuvua na kugombana tu. Shangazi alikuwa amempenda yule kijana mpaka chumvi anaweka mara mbili kwenye mboga ya sombe. Bibi aliugeukia ukuta.

"Kofia tano, musumari moja," alisema. "Ingine tutavalisha mbuzi?"

Asubuhi yake tulishuka ufukweni, yeye na panga, mimi na nyundo. Mtumbwi wa babu ulikuwa umelala mchangani, umepasuka ubavu. Watu wengi walikuwa wameuomba kwa ajili ya kuni na bibi alikuwa amewafukuza wote. Siku hiyo aliuzunguka mara moja, akaupigapiga kwa kiganja kama anayechagua nanasi, akasema, "Mbavu zake ziko zimepinda zenyewe. Mungu alishafanya nusu ya kazi." Tukang'oa mbavu sita na ubao mmoja wa ubavuni, ule uliobaki na rangi ya buluu.

Ah, zile siku! Nyundo zilianza kabla jogoo hajamaliza. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, na ninakiri kwamba nilinyoosha zaidi kidole gumba kuliko misumari. Jirani yetu, fundi wa vitanda, aliweka kidevu juu ya lupango, ule uzio wetu, akatazama.

"Bibi, tangu lini mwanamke anashika musumeno?"

"Tangu banaume banashika lupango," bibi alimjibu bila kuinua kichwa.

Jioni hiyo alileta randa yake mwenyewe, akajifanya ameisahau kwetu. Bibi hakupiga mbao randa sana. Alitaka makovu ya maji yaonekane, na matundu ya misumari, na buluu ya babu. Halafu alichoma waya kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akachora kwenye ubao magamba ya mukeke, samaki wa ziwa letu, moja moja. Moshi ule ulinukia mbao, samaki na ziwa. Magamba mawili alinipa nichore mimi. Yalitoka kama makalio ya kuku. Hakuyafuta.

Portimanto ilipopigwa ukutani, bibi alichukua kofia ya babu kwa ncha za vidole, akaitundika kwenye ubavu wa sita, wa mwisho. Mbavu tano zikabaki zikisubiri wageni. Nilikuwa na furaha hiyo ya mtoto inayotafuta kazi ya kuharibu.

Na niliipata. Asubuhi ya ugeni, wanawake wote wako jikoni, mimi nikatazama ile portimanto nikaona haing'ai. Kitanda cha fundi jirani kiling'aa kwa verni, mafuta ya kung'arishia mbao. Verni hatukuwa nayo, lakini kwetu kisichokosekana kilikuwa mafuta ya mawese. Bibi alipaka mawese mwiko mpya, alipaka mpini wa jembe, nywele zangu pia. Mbona asipake portimanto? Nikachukua kitambaa na bakuli zima. Kwa heshima ya babu ubavu wa sita sikuugusa, ila zile tano nilizinywesha mpaka zikawa nyekundu kama machweo. Ilipendeza, wallahi. Nilijipongeza.

Wazee wakafika. Bibi akapokea kofia moja baada ya nyingine kwa mikono miwili, na ya mwisho, ya baba wa kijana, ilikuwa rangi ya maziwa, mpya kabisa. Macho yake yalienda kwenye magamba ya mukeke, yakakaa hapo. "Nani fundi?" aliuliza. "Ni mimi," bibi akasema. Mzee akaitika kwa kichwa polepole, akaketi. Tukala bugali na mukeke, maneno yakaenda vizuri, na joto likapanda chini ya mabati.

Waliposimama kuaga, yule mzee alivaa kofia yake. Kabla hajafika mlangoni, tone jekundu lilimtoka chini ya kofia, likashuka kwenye paji, likapita pembeni ya pua.

"Mukubwa, unatoka damu!" mwenzake alipiga kelele.

Mzee akajipangusa, akanusa kidole. Akalamba. "Mawese," alisema. Akaivua kofia yake ya maziwa, akaigeuza. Ndani ilikuwa kama chungu cha mboga. Wengine nao wakavua. Mlangoni mwa jikoni nilimwona shangazi, amekishika kitenge chake kwa mikono miwili, macho yamejaa.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitaka ing'ae."

Bibi hakunitazama. Alimwendea mzee, akampangusa uso kwa ncha ya kitenge chake kama anavyopanguswa mtoto. Kisha akaenda kwenye ubavu wa sita. Akaishika kofia ya babu, si kwa ncha za vidole safari hii, kwa kiganja kizima, akamvika mzee.

Ikashuka mpaka masikioni.

"Eh!" sauti ilitoka chini ya kofia. "Kichwa ya mwenyewe ilikuwa kubwa."

"Sana," bibi akasema. "Na ilijaa ubishi."

Mzee akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu nyumba nzima. Akachukua kofia yake ya maziwa, akaitundika tena mwenyewe pale pale. "Hii ibaki. Kama kofia yangu iko kwenu, mi niko kwenu." Akamtazama shangazi. "Na bakwe wangu banapika muzuri. Hata kofia zao ziko tamu." Akaondoka na kofia ya babu kichwani.

Mimi nilisugua zile kofia nne nyingine kwa sabuni na majivu wiki nzima. Ya tano, ya maziwa, bibi alikataa ifuliwe.

Miaka ilipochafuka kwa vita tuliondoka na kile ambacho kichwa kinaweza kubeba, na portimanto si mzigo wa kichwa. Tuliporudi ukuta wenyewe haukuwepo. Bibi hayupo, fundi wa lupango hayupo, yule mzee naye amezikwa, na wazee wanaovaa kofia za kuvuliwa mlangoni nawahesabu kwa vidole ambavyo nyundo iliniachia. Mgeni wa siku hizi anaingia na simu mkononi anauliza pahali pa kuchajia.

Lakini Jumapili inakuja kofia moja nyeusi, yenye ukingo mpana. Portimanto iko ukutani tangu jana. Magamba ya mukeke nimechora yote, na bado yanafanana na makalio ya kuku. Kwenye ubavu mmoja nimetundika kasketi ya mume wangu, nne ziko tupu. Ubavu wa sita nimeupuliza vumbi kwa mdomo.

Na bidoni, lile dumu la mawese, nimempa jirani alitunze mpaka Jumatatu. Nilishindwa kujiamini.