Ndizi Zilizoungua Siku ya Tetemeko

Juzi nilikwenda nyumbani Kituntu, nikakuta pale palipokuwa na jiko la bibi pamepandwa kahawa. Miche imestawi, sikatai. Lakini nilisimama pale, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia.

Unajua, nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa ametufundisha matetemeko ya ardhi kwa beseni la maji na kokoto. Kiini, alisema, ni kule chini miamba inakokatika. Kitovu ni mahali pa juu ya ardhi panapoelekeana na kiini. Nguvu yake husafiri kwa mawimbi, kama hayo mnayoyaona kwenye beseni. Tuliyaimba maneno hayo tukichuma kahawa, mpaka bibi akasema tumegeuka kasuku.

Basi alasiri moja ardhi ikatikisika kweli. Mabati yalilia, kuku wakaruka, buni zikachezacheza juu ya mkeka. Mimi na bibi tulikimbilia uani. Ilipotulia, ukuta wa jiko ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na ndani chungu cha ndizi na maharage kilikuwa bado motoni.

"Omusisi umeshapita," bibi alisema, akilitaja tetemeko kwa lugha yetu, akaelekea mlangoni.

Nikamshika kanga. "Bibi, usiingie! Mwalimu amesema kuna mitetemo ya baadaye. Ule wa kwanza unalegeza ukuta, unaofuata unauangusha."

"Na huo unaofuata unakuja saa ngapi?"

Sikujua. Mwalimu mwenyewe alisema hakuna ajuaye. Niliogopa kumpoteza, basi, nikang'ang'ania kanga huku kamasi zikinitoka. Bibi alinitazama, kisha akaketi kwenye nyasi, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Harufu ya kuungua ikatufikia. Jirani alipita akacheka: "Mama, leo unapika makaa?"

"Mjukuu wangu amesoma," bibi akamjibu.

Jioni baba mdogo aliuegemeza ukuta kwa miti, akakitoa chungu. Bibi akakwangua alichoweza, akala. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. Na ardhi haikutikisika tena, si jioni ile wala kesho yake. Hakunicheka hata siku moja.

Siku hizi nina vyeti, nazungumza mbele za watu. Wananipigia makofi, kisha kila mtu anafanya lake. Bibi hakujua kuandika hata jina lake, na aliacha chakula chake kiungue kwa sababu mimi nimesema.