Cheti cha Pili cha Shangazi

Shangazi alifanya kazi katika kiwanda cha jamu miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumkuta kazini bila kipimajoto mfukoni. Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Kipimajoto. Alisimamia usalama wa chakula: matunda yakiingia, yeye, sufuria zikichemka, yeye, chupa zikifungwa, yeye pamoja na akina mama watano wa mkandani, pale kwenye ukanda unaopitisha chupa, ambao kazi yao ilikuwa kutazama vifuniko kimoja kimoja. Mwenyezi Mungu amemchukua mwezi wa pili mwaka huu, na kila akitajwa nyumbani, kinachosimuliwa kwanza ni habari ya cheti cha pili.

Cheti cha kwanza, cha usalama wa chakula, kiwanda kilikuwa nacho siku nyingi. Cha pili kilikuja na kamera. Meneja alinunua mashine yenye kamera na akili bandia ya kukagua vifuniko, na mnunuzi mkubwa akasema haina neno, mradi kiwanda kioneshe cheti kwamba kinajua kuisimamia.

"Wewe ndiye mwenye kichwa cha makaratasi, mama," meneja akamwambia huku akimkabidhi kitabu cha kiwango hicho kipya. "Tukikipata, mashine inafanya kazi peke yake. Wale mama watano tunawaaga."

Basi Shangazi akarudi nyumbani na kitabu kwapani, moyo mzito. Kazi aliyopewa ndiyo ingewatoa wenzake kazini.

Jumapili mchana aliviweka vitabu viwili mezani jikoni, kile cha chakula na hiki kipya, akawa anavisoma kwa zamu. Mumewe alikuwa anamenya viazi.

"Vinasemaje, maana leo hata hunisaidii?"

"Ni ndugu hawa. Vyote vinauliza madhara yanaingilia wapi, nani anaangalia, na mambo yakiharibika mnafanya nini. Na vyote vinataka uandike."

"Basi nakili cha zamani kwenye kipya, tule."

"Ndugu, si pacha. Jamu ikifika nyuzi zake za moto, mimi nimetulia. Hii mashine haina nyuzi. Kitabu kinaniuliza ilifundishwa kwa kitu gani, na inaweza kumwumiza nani, hata asiyekula jamu. Miaka yote hii, kile cha chakula hakijaniuliza habari za akina mama wa mkandani. Hiki kimeuliza."

Mumewe akaweka kisu chini. "Utakijibu nini?"

 Shangazi alimwomba Mungu awafungulie wale mama mlango, kisha akaanza na swali aliloliweza, la mafunzo.

Kesho yake asubuhi alifungua kompyuta ya kiwanda akatazama picha zilizotumika kuifundisha mashine. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia upigaji wake, chupa nzima upande huu, mbovu upande ule. Zote zilikuwa zinang'aa. Hata zenye vifuniko vilivyopinda zilikuwa safi kama za harusini. Akamwita mkubwa wa akina mama wale, aliyeitwa Macho Manne kwa sababu ya miwani yake.

"Dada, zile mbovu tulizifuta kabla ya picha?"

"Tena kwa kitambaa kilichochemshwa," Macho Manne akasema kwa fahari. "Si uliagiza mwenyewe? Chupa chafu haipiti mbele ya Mama Kipimajoto, hata kama inakwenda kupigwa picha."

Walichukua chupa kumi zilizovuja, jamu imegandia shingoni, wakazipitisha mkandani bila kuzifuta. Mashine ikaziruhusu saba. Kumbe mashine haikujua chupa inayovuja inaonekanaje, kwa kuwa haikuwahi kuonyeshwa uchafu.

"Masikini," Macho Manne akacheka, "tumeilea kama mtoto wa tajiri."

Shangazi hakucheka. Mkaguzi wa vyeti vyote viwili alikuwa anakuja Alhamisi. Akapanda ofisini kwa meneja akamweleza yote.

"Mkaguzi anasoma makaratasi, hafungui chupa," meneja akasema. "Nyamaza cheti kije. Tutaifundisha upya baadaye."

"Bosi, jamu ikikosa moto huwa naandika. Hili nisiandike kwa nini?"

"Kwa sababu kosa ni lako, mama. Na watu watasema umelitafuta ili wenzako wabaki."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa karibu na ukweli. Mlango aliouomba ulikuwa umefunguka kwa kosa lake mwenyewe. Aliingia stoo ya sukari, akasali kwa ufupi, akatoka na kuandika kwenye daftari la ukaguzi kwa mkono wake: chupa zilifutwa kwa agizo langu, mashine haitambui zinazovuja. Akatia sahihi.

Alhamisi mkaguzi akaja, mwanamke mfupi mpole asiyekunywa hata chai ya wenyeji. Ukurasa ule aliusoma mara mbili.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi."

"Na mashine ikikosea, nani anaruhusiwa kuizima?"

Meneja akatazama dari. Hakuwa amefikiria kwamba kuna siku ingezimwa.

Cheti cha chakula kiliongezewa muda siku ileile. Cha pili kilizuiwa. Ifundisheni upya kwa chupa chafu, mkaguzi akasema, na kila zamu kuwe na mtu wa kuikagua mwenye ruhusa ya kuizima. Bila mtu huyo, isiwashwe.

"Mnao watu wanaokitambua kifuniko kibovu kwa kukitazama tu?"

Meneja akasema, "Tunao watano."

Cheti kilikuja baada ya miezi minne. Shangazi alilaumiwa kwa barua kuhusu zile picha, akaitia barua kwenye faili bila kinyongo, na hadi anastaafu hakuacha kumshukuru Mungu kwamba lile kosa aliliona yeye kabla halijafika tumboni mwa mtoto wa mtu.

Siku ya mazishi walikuja wote watano, Macho Manne akiwa mbele. Familia inawashukuru sana. Kiwandani, mkanda ulisimama kutwa nzima, kwa kuwa hakukuwa na mwenye ruhusa ya kuizima mashine.