Jeneza la Fundi Kartar

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ni siku tuliyotaka kumpenda mtu kwa lazima. Keti nikuambie, chai bado iko moto.

Enzi hizo nilikuwa kijana wa Lindi, pale Kibera, ndio nimetoka Kakamega na darasa langu la saba na ndoto nyingi kuliko nguo. Kila asubuhi nilitembea hadi Kawangware, kwenye karakana ya Fundi Kartar. Huyo alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na ndevu zilizojaa vumbi la mbao. Babake aliletwa kutoka Uhindini kujenga reli, yeye akazaliwa hapa hapa Nairobi. Tulimtengenezea viti vya hoteli za watalii, sisi Waluhya, Wajaluo na Wakamba, na saa sita mkewe, Mama Jit, alituletea chapati na dengu yenye pilipili ya kutoa machozi.

"Kula, mtoto. Pilipili hapana ua mtu."

"Inaua, mama," mwenzangu Ochieng' alikuwa akimjibu mdomo ukiwa umejaa, "ila pole pole."

Baadaye Wahindi wengi wakaanza kuhama. Wenye paspoti za Kiingereza walikuwa wananyimwa vibali vya kazi, na wana wa Fundi Kartar nao wakaenda Uingereza. Yeye alikuwa amechukua uraia wa hapa, akabaki. "Mimi nenda wapi?" alikuwa akisema. "Huko baridi, na hapana jua hata mtu moja."

Mvua za Aprili zilipoanza, moyo wake ukasimama akiwa anavaa viatu aje kazini. Tulilia, mwanangu. Halafu tukafanya vile watu wa kwetu hufanya. Tulichagua mbao zake nzuri za mvule, tukamtengenezea jeneza. Nililipiga msasa mwenyewe hadi likang'aa. Ochieng' akaenda kuulizia mahali pa kaburi. Tulikuwa tumesikia Wahindi huchoma maiti, lakini kwetu kinachochomwa ni takataka, na tukaapa kwamba mzee wetu hatachomwa.

Tulipolifikisha jeneza mlangoni kwake, Mama Jit aliliangalia, akalipapasa ukingo, kisha akakaa chini palepale sakafuni.

"Kazi mzuri," akasema. "Lakini hapana weka yeye ndani ya udongo. Yeye taka moto. Babake moto, mamake moto."

"Mama, sisi hatuwezi kumchoma baba yetu," nikamwambia, nikijiona nimesema neno la upendo kabisa.

Nyapara wetu, Mzee Mutiso, Mkamba wa Machakos na mzee wa kanisa, akanishika bega kwa nguvu. "Wewe kijana, hebu nyamaza. Umekula dengu ya huyu mama siku zote hizi, umewahi kumwuliza wao huagana vipi na watu wao? Unamzika Kartar ama unajifurahisha wewe?"

"Na wewe mzee wa kanisa," Ochieng' akanong'ona, "utaenda kusimama kwa huo moto?"

"Nitasimama. Mungu ananijua vizuri, moshi hautamchanganya."

Basi wazee wa hekalu lao wakaja, wakamwosha, wakamfunga kilemba kipya, wakaimba. Kule mahali pa kuchomea tulikuta kuni zimerundikwa ovyo, zimelowa. Mzee Mutiso akavua koti. Tukazipanga upya vile Kartar alitufundisha kupanga mbao ili zikauke, tukiacha nafasi hewa ipite, na katikati tukaweka mbao kavu za lile jeneza letu. Tulilibomoa wenyewe.

Kisha mzee wa hekalu akauliza nani atawasha, maana wana hawapo. Mama Jit akaninyooshea kidole mimi. Mimi! Nilimfikiria mama yangu kule nyumbani akisikia jambo hili. Lakini nilimtazama yule mama, hana mtoto hata mmoja pale wa kumshika mkono, nikauchukua mwenge. Moto ulishika mara moja.

"Ameenda vizuri," Mama Jit akaniambia. Usiku huo alipata usingizi, tulisikia, mara ya kwanza tangu afiwe.

Sasa sikia, mwanangu. Wewe unaishi plot moja na watu wa kila namna, na moyo wako ni mwema, najua. Ukitaka kumfanyia jirani wema, muulize kwanza. Usimpende kwa kipimo chako halafu ukasirike akikataa. Akikuonyesha njia yake, hata ikikutetemesha, msindikize. Imani yako haitapungua. Mimi mpaka leo naimba kwaya, tena sauti ya nne.

Mungu akupe majirani wasiofanana na wewe, akupe na mdomo wa kuwauliza. Na siku yako ikifika, iwe mbali sana, akupe watu watakaokuaga vile wewe mwenyewe ulitaka.