Namba Iliyorudi Nyuma Kabla ya Tochi

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu hadi leo.

Mimi ni mwanafunzi wa fizikia hapa Dodoma, na mwalimu wangu, Dokta Mwanaidi, mama mpole wa Kondoa, amehangaika miaka mingi na utando mwembamba ambao ukimulikwa kwa tochi unazisukuma elektroni zirudi zinakotoka, kinyume na betri inavyozituma (fikiria maji yanapanda kilima yenyewe). Siku hiyo tuliitwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuwaonyesha maofisa wa wizara, ambao wangeamua utafiti uendelee au ufe.

Wakati napanga vifaa waya mmoja wa mita ya umeme ukakatika, nami badala ya kumwambia Dokta nikazichomoa nyaya zote mbili, nikachomeka mwingine harakaharaka, bila kupima, nikijisemea waya ni waya. Maofisa wakaingia, nikaunganisha betri, mita ikaonyesha alama ya kutoa, yaani umeme unarudi nyuma, na namba kubwa ajabu, watu wakapiga makofi, nami nikashtuka, kwa sababu tochi nilikuwa bado sijaiwasha. Yaani nyaya za mita nilikuwa nimezigeuza, basi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikaiwasha tochi (kimyakimya, kama mwizi), nikatabasamu.

Bwana mmoja wa makamo akaomba niizime aone namba ikirudi. Nikamdanganya kwamba utando ukishapata joto huchelewa kutulia, hata nikizima namba haitarudi upesi. Akaniamini, tena akatoa simu amwite mkubwa wake aje ajionee.

Dokta akaniinamia. "Rehema, tochi umeiwasha saa ngapi?"

"Baada ya makofi, Dokta."

Hakunifokea. "Basi waambie mwenyewe, kabla huyo mkubwa hajafika."

Nikawaambia, nikazirudisha nyaya mahali pake mbele yao na kumulika upya, namba ikapungua kidogo sana, kwa elektroni chache zilizorudi, kiasi kwamba yule bwana alivaa miwani ndipo akaiona. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana yule aliuliza tu kama huko kupungua ni kweli, Dokta akasema hicho kidogo ndicho cha kweli, tukaambiwa tusubiri majibu.

Majibu yalikuja: utafiti uendelee, ila vifaa apange mtu mwingine. Nimekubali. Na nimeapa, siku nyingine hofu ikinishika nitafungua mdomo palepale, wakati kilichoharibika bado ni waya tu.