Maneno ya Mjane Katika Programu ya Mazishi

Ukitaka programu ya mazishi hapa Kimbo, Ruiru, utaelekezwa kwa Mutheu, na usimletee sentensi uliyookota kwenye simu. Alifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kufungua duka la kuchapisha, na ukali wake haujastaafu. Mimi humpangia picha na kukunja kurasa, kwa hivyo namjua.

Juzi alikuja Mwelu kutoka Ngoliba. Babake, Maluki, alikuwa azikwe Ijumaa. Mwelu alikuja na mamake, Kalondu, na maneno ya mjane yakiwa tayari: "I reminisce about our beautiful marriage."

Mutheu akaweka kalamu chini. "Mama anajua maana yake?"

"Ni remember tu, madam, lakini hii iko na class," Mwelu akasema.

"Haya maneno ni tofauti. Remember inabeba kila kitu, kizuri na kibaya. Recall ni kujikaza, kama shahidi akiulizwa kortini. Reminisce ni ya watu wamekaa na chai, wanarudia siku tamu na kucheka." Akamgeukia mjane. "Mama Mwelu, hizo siku unazirudia ukicheka?"

Kalondu akavuta mkono wa sweta, tukaona kovu refu la moto. "Alinimwagia uji ukichemka. Nitamzika vizuri, ni baba ya watoto wangu. Lakini msiseme nacheka."

Mwelu alikasirika. Watu watasema nini, kanisa litasema nini. Mimi moyoni nilikuwa upande wake. Mazishi si mahali pa kesi, ningechapisha tu nikale chakula changu cha mchana. Mutheu hakutikisika.

"Kwa jina lako andika unavyotaka," alimwambia. "Haya yana jina la mama yako."

Tukachapisha: "I remember you, Maluki. Rest."

Ijumaa tuliwapelekea programu Ngoliba. Kalondu hasomi Kiingereza, kwa hivyo Mwelu ndiye aliyesimama kumsomea. Alipofika kwa "I remember you," aliacha kusoma. Waombolezaji walidhani ni uchungu wa kawaida, wakaanza kumwimbia. Akaacha maikrofoni, akaenda kupiga magoti mbele ya mamake na kuushika ule mkono. Nilikuwa hapo karibu nikigawa programu, nikasikia.

"Mwaitu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita mama, "hata mimi nakumbuka. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Najua," Kalondu akamjibu. "Nilikuona."